Siena: ni tauni ya 1348 iliyousimamisha mji, au waongoza watalii wanatupiga kamba?

#1 KitabuNaRamani
Wakuu, salaam.

Kila mwongoza watalii wa Siena, Italia, ana sehemu moja lazima akusimamishe: chini ya Facciatone, ule ukuta mrefu mtupu pembeni ya kanisa kuu. Hadithi yake haibadiliki. Mwaka 1339 Wasiena waliamua kujenga kanisa kubwa kupita kiasi, hata hili lililopo lingebaki kuwa mikono tu ya kanisa lenye umbo la msalaba. 1348 tauni ikaingia, watu wakafa, kazi ikasimama, na mji ukaganda hadi leo.

Hesabu hii hainikai sawa. Uamuzi wa kubomoa sehemu zilizokuwa hatari ulitoka 1357. Hiyo miaka tisa katikati nani alikuwa anajenga, wafu? Mwenye maelezo bora ayalete.

La pili, kwa wanaopanga safari: kutoka Firenze (Florence), siku moja inatosha?

#2 FundiLipu
Tatizo ni nguzo na msingi, mkuu. Tauni ilipunguza mafundi na fedha, sikatai, lakini jengo lenyewe lilianza kupasuka. Kanisa kuu limekaa juu ya kilima kinachoshuka ghafla kwa nyuma. Zunguka upande wa mashariki utaona sehemu ya ubatizo, Battistero, iko chini ya altare kama ghorofa ya chini, kwa kuwa ardhi hapo imeshuka mno. Kanisa jipya lilihitaji msingi mzito kuliko ule uliochimbwa, na nguzo zilikuwa nyembamba kwa uzito wa matao yaliyokusudiwa.

Usinitegemee mimi, kayaangalie. Upande mmoja wa kanisa lile jipya umezibwa kwa kuta kati ya nguzo, ndio leo jumba la makumbusho, Museo dell'Opera. Ukiwa ndani ya jumba hilo umesimama ndani ya kanisa lisilokwisha.

#3 MamaKarafuu
Nimevuta mkeka. Endeleeni.

#4 HesabuZaKale
#2 umeeleza jinsi kazi ilivyoharibika. Kwa nini hawakurekebisha ni swali jingine. Tarehe ya kuitazama ni 1355.

Kuanzia 1287 Siena ilitawaliwa na Baraza la Tisa, wafanyabiashara wakubwa na watu wa mabenki. Ndio walioagiza karibu kila kitu unachokwenda kukiona: uwanja wa Campo, jumba la serikali, michoro ya Ambrogio Lorenzetti ya utawala bora na utawala mbaya (1338–1339), na hilo kanisa. Mwaka 1355 Mfalme Charles IV wa Wajerumani alipopita, wananchi wakainuka, Tisa wakang'olewa. Anayeingia madarakani kwa kumpindua mwenzake hana hamu ya kumalizia kanisa lake, hasa kanisa lenye nyufa.

Na fedha zilikuwa zimeshaanza kukauka zamani. Benki ya ukoo wa Bonsignori, iliyokuwa inashika fedha za Papa, iliyumba tangu 1298 na haikuinuka tena. Hapo tauni iko mbali miaka hamsini.

#5 PwaniKwetu
Mbona mnaruka jambo lililo wazi? Maji. Siena haina mto. Firenze ina Arno, na biashara ya sufu ni maji: kuosha, kukandamiza kitambaa, kutia rangi. Mji wa kilimani usio na mto utashindana vipi?

Walichofanya ni kuchimba. Chini ya mji kuna *bottini*, mifereji ya chini kwa chini ya takriban kilomita 25, mteremko wake mdogo mno, ikikusanya maji yanayochuja kwenye mwamba na kuyaleta kwenye visima vya umma. Fontebranda ndicho cha kutazamwa kwa makini. Maji safi huingia hodhi la kwanza, la kunywa. Yanayofurika yanakwenda hodhi la wanyama. Yanayofurika tena yanakwenda kwa wafuaji na watu wa kazi za ngozi na rangi. Tone moja, kazi tatu, na aliyefua nguo katika hodhi la kwanza alitozwa faini.

Walikuwa na kiu hadi wakatafuta mto wa kufikirika, Diana, waliouamini unapita chini ya mji. Mshairi Dante aliwacheka kwa hilo.

#6 KitabuNaRamani
#5 safi sana. Basi ile Fonte Gaia, kisima cha mchongaji Jacopo della Quercia pale Campo, ya 1419, ndiyo mwisho wa mifereji hiyo?

#7 PwaniKwetu
Ndiyo, ila maji yalifika Campo kabla yake, 1342. Jacopo alikuja baadaye kupamba.

#8 FundiLipu
Na hiyo unayopiga picha pale Campo si ya Jacopo. Ni nakala ya Tito Sarrocchi, 1868. Marumaru ya asili ilikuwa imelika na kuvunjika, ikahamishwa. Vipande vyake viko Santa Maria della Scala, ile hospitali ya zamani inayotazamana na kanisa kuu. Wageni wengi hupita mlango ule wakidhani ni ofisi. Ingieni. Ukumbi wa Pellegrinaio una michoro ya karne ya 15 inayoonyesha kazi za hospitali yenyewe: mgonjwa akioshwa miguu, watoto yatima wakipokelewa, mkate ukigawiwa.

#9 BegiMgongoni
Naona wanahistoria wamejaa, ngoja nijibu swali la pili la #1 maana limesahaulika.

Siku moja inawezekana ukiacha mambo. Toka Firenze asubuhi saa moja au saa mbili. Una njia mbili.

Basi: namba 131R, R ikiwa ni *rapida*, inatumia kama saa moja na robo. Linaondoka stendi ya karibu na kituo cha treni cha Santa Maria Novella na kukushusha juu, ukingoni mwa mji wa kale. Dakika kumi za mguu uko Campo. 131O inapitia vijiji, usiipande kwa makosa. Jumapili mabasi ni machache, tazama ratiba ya kurudi kabla ya ile ya kwenda.

Treni: kama saa moja na nusu, nyingine unabadilisha Empoli. Kituo cha Siena kiko bondeni. Ukitoka, vuka uingie jengo la maduka lililo mbele, fuata ngazi za umeme moja baada ya nyingine hadi juu karibu na lango la Camollia, kisha tembea dakika 20 au 25. Wasiojua ngazi hizo hupanda kilima na masanduku wakilaani. Tiketi ya karatasi ya treni za mkoa igongwe muhuri kwenye mashine KABLA ya kupanda, vinginevyo una tiketi mkononi na faini juu yake.

#10 DerevaWaMbali
Wanaokodi gari nisikilizeni, hapa ndipo watu wanapolia.

Barabara ya Firenze–Siena haina malipo, kama kilomita 70. Raha inaishia langoni. Mji wa kale ni ZTL, eneo la magari yenye kibali tu, na kamera ziko kila mlango. Ubao wa taa unaandika *varco attivo*. Wageni wanasoma "attivo" wanadhani njia iko wazi. Ni kinyume: kamera ndiyo iko kazini, usiingie. *Varco non attivo* ndiyo ruhusa.

Ukipita mara tatu ukitafuta hoteli, ni makosa matatu. Kampuni ya gari inatoa jina lako kwa polisi na kukukata ada yake kwanza. Faini yenyewe inafuata baadaye, na sheria inawapa siku 360 kuituma kwa mkazi wa nje. Hoteli ikiwa ndani ya ZTL, wapigie na namba ya gari mapema waiandikishe. Vinginevyo egesha Santa Caterina, chini ya Fontebranda, upande ngazi za umeme zikutoe karibu na kanisa kuu.

Leseni yako ya nyumbani peke yake haitoshi. Chukua kibali cha kimataifa kabla ya kuondoka, Italia haikitoi kwa mgeni.

#11 HesabuZaKale
Dereva umemaliza. Nilitaka kuongeza tu kwamba Siena ilifungia magari katikati ya mji tangu miaka ya 1960, kabla ya miji mingine ya Italia kufikiria. Hili linarudi kwenye hoja: huenda mji "haukuganda" hata kidogo, umegandishwa kwa makusudi. Mwaka 1297 tayari kulikuwa na amri kwamba nyumba zinazotazama Campo zijenge madirisha ya nguzo nyembamba na zisitoe roshani za mbao. Karne ya 20 wakaweka mpango wa mji wa Luigi Piccinato uliozuia kujenga kwenye mabonde yaliyo ndani ya kuta. Ndiyo maana unasimama nyuma ya soko la zamani na mbele yako ni mizeituni na bustani, ndani ya mji. Hiyo si tauni. Hiyo ni sheria.

#12 Mchokozi_wa_Jioni
Tauni sio, nguzo sio, maji ndio, sheria ndio... Mmemsahau adui. FIRENZE. Tarehe 4 Septemba 1260, Montaperti, Siena iliichapa Firenze hadi leo wanasimulia. Firenze hawakusahau. Aprili 1555, baada ya kuzingirwa tangu 1554, Siena ikasalimu amri kwa njaa, na 1557 ikakabidhiwa kwa Cosimo de' Medici. Mtawala anayekaa Firenze atajenga jumba la fahari Siena ili iweje? Fedha zikaenda kwake. Kwisha habari.

#13 KitabuNaRamani
Lakini #12, kati ya 1357 na 1555 kuna miaka karibu mia mbili ya uhuru. Mbona hawakurudi kwenye kanisa?

#14 Mchokozi_wa_Jioni
Walikuwa wanatafuta mto Diana.

#15 MamaKarafuu
😂😂 Nimerudi. Kuna sababu ambayo hamjaitaja na Wasiena wenyewe wa wakati ule waliiamini. Walichimbua sanamu ya kale ya Venus, wakaiweka kwenye kisima cha Campo, wakaifurahia. Mambo yalipoharibika wakasema ni huyu mwanamke uchi. 1357 wakaivunja, na inasemekana vipande vyake walikwenda kuvizika ardhi ya Firenze ili nuksi iwahamie wao. Aliyetuachia habari hizo ni Ghiberti, mchongaji, na yeye ni mtu wa Firenze, kwa hiyo pimeni chumvi wenyewe.

#16 HesabuZaKale
1357 tena! Mwaka ule ule wa kubomoa kanisa. Mwaka wa kubomoa.

#17 Twiga_Mrefu
Samahani kwa kuingilia, nauliza kuhusu Palio, zile mbio za farasi za Campo. Nikienda tarehe 2 Julai au 16 Agosti, tiketi inakatwa wapi?

#18 KelelZaCampo
Katikati ya uwanja ni bure, unasimama. Majukwaa ya pembeni na madirisha ndiyo yanalipiwa, bei ya kutisha, na huwa yanachukuliwa miezi kabla.

Mambo ya kujua ukisimama katikati:
Ingia mchana mapema. Mbio zenyewe ni jioni kati ya saa moja na saa moja na nusu, mizunguko mitatu, haifiki hata dakika mbili. Utangoja saa nyingi juani. Vyoo hakuna. Ukishafungiwa hutoki hadi mwisho. Maji, kofia, na ukae upande unaoliona eneo la kuanzia au kona ya San Martino, ile yenye magodoro ukutani. Magodoro si mapambo: uwanja unashuka ghafla pale na farasi hutupwa nje.

Kuanza ndiko kunakochelewesha. Mitaa ya mji inayoshindana ni 17, wanakimbia 10: saba ambao hawakukimbia Palio ya tarehe hiyo mwaka uliopita, na watatu kwa kura. Tisa wanajipanga kati ya kamba mbili, wa kumi, *rincorsa*, anabaki nyuma, na mbio zinaanza yeye anapoamua kuingia. Wakati huo wapanda farasi wanapatana bei papo hapo, na si siri. Inaweza kupita saa nzima. Giza likiingia, kesho. Mvua ikinyesha na udongo uliomwagwa juu ya mawe ukilowa, inaahirishwa pia.

Wanapanda bila tandiko. Wana *nerbo*, mjeledi wa uume mkavu wa fahali, na wanaruhusiwa kuchapana wao kwa wao. Farasi akifika kwanza bila mtu mgongoni, ushindi ni wake.

#19 Twiga_Mrefu
Na kuna mtaa unaitwa Twiga, kweli?

#20 KelelZaCampo
Giraffa, ndiyo. Pia Kobe, Konokono, Chui, Bata bukini, Nungunungu. Chagua jina lolote lakini usivae skafu ya mtaa mmoja ukaingia kwenye mtaa wa adui yake siku za Palio. Konokono na Kobe hawapikiki chungu kimoja. Ni Simba na Yanga, tofauti ni kwamba hapa unabatizwa kwenye mtaa wako kwa kisima chake. Na aliyeshika nafasi ya pili ndiye anayechekwa kuliko wa mwisho.

#21 HesabuZaKale
Mipaka ya mitaa hiyo 17 iliwekwa na Violante wa Bavaria, gavana wa Siena, 1730.

#22 FundiLipu
1729, mkuu.

#23 HesabuZaKale
Ilitangazwa Januari 1730.

#24 FundiLipu
Kwa kalenda yetu. Mwaka wa Siena wakati ule ulianza Machi 25, kwa hiyo Januari hiyo kwao ilikuwa bado 1729. Vibao vyao vyote vinaandika 1729.

#25 Mchokozi_wa_Jioni
Kumbe hata mwaka mpya wao ulikuwa unasubiri rincorsa.

#26 BegiMgongoni
Nimalizie ya siku moja kabla uzi haujazama.

Kanisa kuu: kata tiketi ya pamoja, inajumuisha kanisa, jumba la makumbusho, Battistero na *cripta*, chumba cha chini ya kanisa. Hiyo cripta iligunduliwa 1999, michoro ya karne ya 13 yenye rangi kali kwa sababu ilizikwa chini ya vifusi. Mabega na magoti yafunikwe. Sakafu ya marumaru ina picha 56, lakini sehemu kubwa hufunikwa kuikinga na miguu yetu. Hufunuliwa kwa kawaida kuanzia katikati ya Agosti hadi Oktoba, na miaka ya karibuni kipindi kifupi cha kiangazi pia. Thibitisha tarehe za mwaka wako kabla ya kulipia ndege. Ukiwa ndani usikose maktaba ya Piccolomini, michoro ya Pinturicchio, mlango uko kushoto na watu wanaupita.

Facciatone yenyewe inapandwa kutoka ndani ya Museo dell'Opera, ngazi za kuzunguka, kwa makundi madogo. Foleni inakula muda. Ukiwa na siku moja, chagua: Facciatone au Torre del Mangia. Mnara wa Mangia ni mita 87 za matofali na jiwe, ngazi kama 400, nyembamba, mabegi yanaachwa chini, mvua ikinyesha unafungwa.

Museo Civico, yenye michoro ya Lorenzetti na Simone Martini, ni ya manispaa, kwa hiyo ile ofa ya kuingia bure Jumapili ya kwanza ya mwezi ya majumba ya serikali kuu haiihusu. Pinacoteca Nazionale, jumba la picha la taifa, ndiyo inahusika.

#27 PwaniKwetu
Mangia maana yake "anakula", si ndiyo?

#28 HesabuZaKale
Jina la utani la mpiga kengele wa kwanza, Mangiaguadagni, "mla mapato". Pesa zote zilipitia tumboni.

#29 FundiLipu
Mkiwa Museo Civico, chumba cha Mappamondo, angalieni ukuta wenye mchoro wa mpanda farasi, Guidoriccio. Chini yake kuna mikwaruzo ya duara kwenye lipu. Ni alama ya ramani ya dunia ya Lorenzetti iliyokuwa inazungushwa pale, ramani imepotea, mkwaruzo umebaki. Na mchoro wa mpanda farasi huyo umezua ugomvi tangu 1977: wengine wanasema ni wa Simone Martini, karibu 1330, wengine wanasema ni wa baadaye kabisa. Wanabishania mpaka wa lipu ipi imepanda juu ya ipi. Lipu mpya hupanda juu ya kavu, haiwezi kuwa kinyume, lakini ukuta umekarabatiwa mara nyingi mno.

#30 Twiga_Mrefu
Vipi chakula kwa asiyekula nguruwe?

#31 MamaKarafuu
Hapo kwangu. *Cinta senese* ni nguruwe, jiepushe. *Pici* ni tambi nene za unga na maji zinazosokotwa kwa mkono. Agiza *all'aglione*, mchuzi wa kitunguu saumu na nyanya. *Al ragù* ina nyama, uliza ya nini. *Ricciarelli* ni lozi, sukari na ute wa yai. *Panforte* ni lozi, matunda ya sukari, mdalasini, karafuu... karafuu zetu za Pemba hizo wanajivunia!

Kahawa inywe umesimama kaunta, ukikaa mezani bei inapanda. Kwenye bili utaona *coperto*, euro chache kwa kila kichwa. Si wizi, imeandikwa kwenye menyu.

#32 PwaniKwetu
Dada yangu, Pemba hapana. Mikate ya aina hiyo Siena ilikuwapo tangu karne ya 13, na karafuu za wakati ule zilitoka visiwa vya Maluku. Kwetu mikarafuu imepandwa karne ya 19.

#33 MamaKarafuu
Basi za leo ni zetu. Usinibanie.

#34 KitabuNaRamani
Shukrani wakuu. Kwa hiyo nguzo, siasa, maji, sheria, Firenze na Venus. Na tauni mmeitupa nje kabisa?

#35 FundiLipu
Haitupwi. Mwandishi wa habari za mji, Agnolo di Tura, aliandika kwamba alizika watoto wake watano kwa mikono yake. Ndugu wawili Lorenzetti, wachoraji, wanaaminika walikufa humo humo. Ninachokataa ni kusema ilisimamisha kila kitu. Matofali ya Campo yalimalizika kutandikwa 1349, mwaka mmoja baada ya tauni. Ile kapela chini ya mnara iliahidiwa kwa sababu ya tauni, ikaanza 1352. Waliobaki walikuwa wanajenga.

#36 HesabuZaKale
Campo yenye vipande tisa, vya Baraza la Tisa. Fedha ya kumalizia ilikuwepo, ya kanisa haikuwepo. Ni siasa.

#37 Twiga_Mrefu
Nilisoma vipande tisa ni mikunjo ya joho la Bikira Maria?

#38 Mchokozi_wa_Jioni
Umeshawasha moto mwingine sasa.

#39 PwaniKwetu
Vyovyote vile vyote tisa vinateremkia shimo moja la kutolea maji ya mvua, pale mbele ya jumba la serikali. Nyie bishaneni, mimi nasema maji.